Umetishwa mtandaoni kwa sababu ya kazi ya serikali? Mwongozo kamili wa kisheria kwa nesi, mwalimu, chifu na karani wa kaunti Kenya

Dada yangu ni nesi. Usiku mmoja akiwa zamu mgonjwa alipewa rufaa, ambulensi ikachelewa, na kupambazuka picha yake akiwa na sare, namba yake ya simu na jina la shule ya watoto wake vilikuwa vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa mzima. Ambulensi si yeye huendesha wala si yeye huijazia mafuta, lakini nani anauliza hayo? Kufikia saa sita mchana simu ilikuwa haipumui, watu asiowajua wanamtukana, na mmoja akamwambia taratibu kabisa kwamba anajua stegi anayopandia matatu saa ya kutoka kazini.

Alichofanya ndicho karibu kila mtu hufanya. Alifuta meseji zote, akablok kila namba, akatoka kwenye magrupu, akajifungia chumbani. Tulipoenda polisi siku ya tatu hatukuwa na kitu cha kuonyesha, afisa wa deski akatuambia hayo ni maneno ya mtandao yataisha yenyewe, tukarudi nyumbani.

Mimi si wakili, ni mwakilishi wa wafanyakazi tu, lakini tangu siku ile nimekaa na walimu, machifu wasaidizi na makarani tukipanga ushahidi karatasi kwa karatasi, na haya ninayoandika ndiyo ningetaka mtu anipe ile asubuhi. Yanahusu Kenya. Kama uko Tanzania ama Uganda mpangilio wa kukusanya ushahidi utakufaa lakini vifungu ni vingine.

Anza hapa: sheria inamlinda nani hasa

Watumishi wengi wanaingia kituoni wakisema "nimedharauliwa nikiwa afisa wa serikali" na hapo ndipo kesi inakufia mkononi. Zamani kulikuwa na vifungu vya namna hiyo. Kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, ile polisi wanaiita Penal Code, kilifanya kosa kusema jambo la kushusha mamlaka ya afisa wa umma, na Mahakama Kuu ikakifuta Aprili 2017 kwenye kesi ya bloga Robert Alai, aliyeshtakiwa kwa kuandika kuhusu rais. Miezi miwili kabla yake, Februari 2017, mahakama ilikuwa imeshafuta kifungu cha 194 cha kumfunga mtu jela kwa kashfa. Na Aprili 2016 kilishaenda kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha "matumizi mabaya ya mtambo wa mawasiliano" ambacho watu walikuwa wanakamatwa nacho kila wiki kwa posti za Facebook.

Kwa hivyo cheo chako hakina sheria ya kukilinda kisisemwe, na mimi naona ni sawa hivyo, mshahara wetu ni kodi ya watu na mtu aliyelala sakafuni hospitalini ana haki ya kukasirika, Kifungu cha 33 cha Katiba kinampa uhuru wa kusema. Lakini kifungu hichohicho kinamwambia aheshimu haki na jina la wengine, na hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kinacholindwa ni wewe mtu. Mwili wako, familia yako, namba yako, picha zako, jina lako. Ukiingia kituoni na maneno hayo badala ya cheo, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Hatua ya 1: Gawanya yaliyosemwa mafungu matatu

Chukua karatasi, kaa na mtu unayemwamini maana peke yako hasira itakuchanganya, mpitie posti moja moja.

Fungu la kwanza ni lawama. "Huyu chifu ni mzembe, baraza anachelewa kila wiki, aondolewe." "Mwalimu mkuu anatuchosha na pesa za remedio." Hata kama kumetiwa matusi, achana nayo. Ukitaka, jibu kupitia ofisi, kwa ukweli na tarehe, na uwaelekeze wapeleke malalamiko kwa mkubwa wako ama Tume ya Haki ya Utawala. Ukienda mahakamani na fungu hili utapoteza pesa, na mbaya zaidi utampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kusema wewe ni mtu usiyetaka kuulizwa.

Fungu la pili ni uongo wenye kuharibu jina: kwamba umeiba dawa, umelala na mwanafunzi, umekula pesa za basari. Hiyo ni kesi ya madai, yaani wewe mwenyewe unamshtaki ukidai fidia, si polisi.

Fungu la tatu ndilo la haraka. Vitisho vya kukuua, kukupiga ama kuchoma nyumba, mtu kukuandama simu baada ya simu, picha zako za utupu za kweli ama za kutengenezwa, akaunti feki yenye jina lako, namba yako na mahali unapoishi kuanikwa ili watu wakufuate. Matusi ya kabila pia yanaweza kuingia hapa yakiwa ya kuchochea chuki, kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 13, faini mpaka milioni moja ama miaka mitatu jela.

Kama kwenye fungu la tatu kuna mtu anayejua unapoishi ama ratiba yako, usiendelee kusoma, piga 999 au 112, lala kwa ndugu, badilisha njia ya kwenda kazini, wajulishe walimu wa watoto wasimpe mtu yeyote mtoto. Makaratasi utayafanya kesho.

Hatua ya 2: Ushahidi, kabla ya kublok na kabla ya kujibu

Hapa nitakaa sana kwa sababu kesi nyingi nilizoona zimekufa zilifia hapa.

Usifute kitu. Usijibu, hata neno moja, kwa sababu ukirudisha tusi mahakama itaona watu wawili wanagombana. Usiripoti posti kwa Facebook ama TikTok kwanza, nisikilize vizuri hapo, ukiripoti na ikaondolewa na wewe hujaihifadhi, umeisaidia mwenyewe kupotea.

Piga skrinishoti yenye kuonyesha mambo haya yote pamoja: maneno yenyewe, jina la akaunti na ile alama ya @ kwa sababu jina la juu mtu hubadilisha kwa sekunde lakini @ ndiyo inafuatika zaidi, tarehe na saa, na idadi ya waliosambaza. Kisha nakili linki ya posti na ya akaunti yenyewe uiandike mahali. Skrinishoti bila linki ni picha tu na wakili wa upande wa pili atasema umeitengeneza. Kwa TikTok, video na Spaces za X rekodi skrini nzima ukianzia kwenye ukurasa wa mhusika mpaka kwenye video, usikate kipande. Kwa WhatsApp ingia kwenye grupu, fungua ile orodha ya wanachama urekodi namba za waliotuma, kisha utoe chati yote kama faili ujitumie kwa imeili. Simu zilizopigwa, piga picha ya orodha ya simu zilizoingia, na meseji za kawaida zisiguswe.

Usichore mshale mwekundu, usifunike, usikate. Tunza ya asili ilivyo na ukitaka kuchora chora kwenye nakala.

Halafu daftari. Kila tukio mstari wake: tarehe, saa, nini kilisemwa, na nani, wapi, nani mwingine aliona, na ulifanya nini. Andika pia ilivyokuathiri, kama ulikosa kazi siku mbili andika, kama ulienda kwa daktari weka risiti na barua. Mwalimu mmoja niliyemsaidia aliona aibu kuandika kwamba alikuwa anaogopa kutoka nje kwenda choo usiku, nikamwambia andika, hakimu hawezi kuona hofu yako kama hujaiandika.

Sasa jambo ambalo wengi hawajui. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka cheti kiandamane na hizo karatasi ulizoprinti. Cheti si kitu cha kuogopesha. Ni tamko lililosainiwa na aliyetumia kifaa, likitaja ushahidi ni upi, ulitolewaje (nilifungua akaunti fulani siku fulani saa fulani kwa simu ya aina fulani, nikapiga skrinishoti, nikaihamisha kwa kompyuta fulani, nikaprinti), na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Aliyepiga skrinishoti ndiye asaini, si wewe kama ni binamu yako aliyepiga. Nimeona skrinishoti nzuri kabisa zikikataliwa kwa kukosa hiki kikaratasi, inauma. Na ile simu usiiuze, usiibadilishe, usii-reset, mpaka kesi iishe.

Hatua ya 3: Mwandikie mwajiri barua, usimwambie kwa mdomo

Kifungu cha 236 cha Katiba kinasema afisa wa umma hatateswa wala kubaguliwa kwa kutekeleza kazi yake kulingana na sheria, wala kufukuzwa ama kushushwa cheo bila utaratibu. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa wafanyakazi kazini. Kwa hivyo andika barua fupi, ambatanisha daftari lako, omba mambo ya kutekelezeka: kubadilishwa zamu ama kituo kwa muda ukitaka mwenyewe, askari langoni, namba ya ofisi itumike badala ya yako, taarifa rasmi ya ofisi kueleza kilichotokea kweli, na barua ya kuthibitisha kwamba wakati ule ulikuwa kazini ukifanya kazi uliyopewa. Hiyo ya mwisho ni dhahabu mahakamani. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Mpe na chama chako, kama ni KNUT ama KUPPET vya walimu, ama chama cha manesi, maana vyama vingi vina wakili ambaye umekuwa ukimlipia kila mwezi bila kujua.

Jiandae pia kwa jambo moja chungu, mwajiri anaweza kukuandikia barua ya kujieleza siku hiyohiyo kwa sababu ya posti tu. Ijibu ndani ya siku ulizopewa, kwa utulivu, na uambatanishe ushahidi uleule.

Hatua ya 4: Polisi

Nenda kituo kilicho karibu nawe, ripoti, na usitoke bila namba ya OB, kile kitabu cha kituo cha kuandikia matukio. Wakikwambia ni mambo ya mtandao uwaambie kwa heshima kwamba unaripoti kosa, na utaje kosa lenyewe:

Kutishiwa kuuawa ni kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka kumi, na kitisho cha maandishi kinahesabika sawa na cha mdomo. Vitisho vya kukuumiza wewe, jina lako ama mali yako kuna kifungu cha 238. Picha za utupu kusambazwa ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kuiba utambulisho wako mtandaoni ni kifungu cha 29 cha sheria hiyohiyo.

Kifungu kinachotajwa zaidi ni cha 27 cha hiyo sheria ya 2018, unyanyasaji wa mtandaoni, ambacho adhabu yake iliwekwa faini mpaka milioni 20 ama miaka kumi. Hapa uwe makini. Sheria ilifanyiwa marekebisho yaliyosainiwa Oktoba 15, 2025, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda vipande vya 27(1)(b), (c) na 27(2) wakati kesi ya kuyapinga inasikizwa, wanaharakati walisema maneno yake ni mapana mno na yatatumika kunyamazisha watu. Kwa hivyo kabla hujajenga kesi yako juu ya kifungu cha 27, muulize wakili ama mpelelezi kesi hiyo imefika wapi leo. Hii ndiyo sababu mimi huwaambia watu waweke Kanuni ya Adhabu mbele kama kuna kitisho cha kweli, nguzo ile haijayumba. Na vifungu vya 22 na 23 vya habari za uongo vimepiganiwa mahakamani tangu 2018, usivifanye mti wako wa kuegemea.

Ukishapata OB omba faili ifike kwa wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wa kaunti ndogo yako. Kuna pia laini ya bure ya Fichua kwa DCI, 0800 722 203, na kitengo cha kitaifa cha matukio ya mtandao cha Mamlaka ya Mawasiliano, KE-CIRT, kinapokea ripoti. Kila siku mbili tatu piga simu kwa mpelelezi wako, jina lake na namba uwe nazo, bila kelele. Wakikataa kabisa kuandika, malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Ukiwa mwanamke na mambo yenyewe ni ya kingono, laini ya 1195 ya ukatili wa kijinsia ni ya bure, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia kwa mawakili.

Swali ninaloulizwa kila mara: kama ni akaunti feki itakuwaje? Hapo usiajiri kijana wa "kuhaki", utajitia kwenye kosa wewe. Polisi wanaomba amri ya mahakama, na kifungu cha 27 kinaruhusu mahakama kuamuru mtoa huduma atoe taarifa za mteja anayelalamikiwa. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho, na kwa tajriba yangu anayetukana kwa jina la "Mkombozi wa Wanyonge" mara nyingi ni jirani ama mtu mliyegombania cheo naye.

Hatua ya 5: Amri ya kumnyamazisha kwa sasa

Mtu akishashtakiwa chini ya kifungu cha 27 na bado anaendelea, kuna njia ya kuomba mahakama imwamuru aache, yeye na wale anaowatuma. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda na inatakiwa isikize ombi ndani ya siku 14, ombi linaweza kupelekwa hata nje ya saa za kazi. Akivunja amri ni faini mpaka milioni moja ama miezi sita. Kwenye kesi ya madai pia wakili anaweza kuomba zuio.

Hatua ya 6: Namba na picha zilizovuja, nenda kwa Kamishna wa Data

Jiulize, walitoa wapi namba yangu? Kwa dada yangu ilitoka kwenye rosta ya zamu iliyobandikwa ukutani, mtu akaipiga picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, unapeleka malalamiko mtandaoni bila wakili na yanatakiwa kumalizwa ndani ya siku 90, na ukithibitisha kuumia unaweza kulipwa fidia. Sheria yenyewe haigusi mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake, kwa hivyo ina meno zaidi dhidi ya blogu, ukurasa wa habari, kampuni, ama mwajiri aliyeacha faili zako wazi. Ndiyo, hata mwajiri wako wa serikali.

Hatua ya 7: Kesi ya kashfa

Hii ni ya fungu la pili, na saa inatembea. Kashfa ina miezi 12 tu tangu iandikwe, si miaka mitatu kama kesi nyingine za madhara, nimeona watu wakisubiri polisi wamalize na mwaka ukaisha.

Wakili anaanza na barua ya kudai: futa, omba radhi palepale ulipoandikia, na lipa. Wengi wanaishia hapo, na ombi la radhi lililobandikwa kwenye grupu lilelile linaponya kuliko hela. Mkifika kortini, kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema ukisingiziwa kosa lenye kifungo cha kuanzia miaka mitatu fidia isipungue shilingi 400,000, na wizi uko humo. Kwa hivyo "huyu karani ni mwizi, alikula pesa za soko" si maneno madogo. Lakini kama ni kweli umekula, ukweli ni utetezi kamili, usiende. Kama huna pesa za wakili uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Hatua ya 8: Sasa ripoti kwa mtandao wenyewe, na ublok

Ushahidi ukiwa salama sehemu mbili, ripoti posti ukichagua sababu sahihi, kitisho ni kitisho na akaunti feki ni akaunti feki, usibofye "siipendi". Waombe marafiki watatu wanne wairipoti pia. Blok. Funga akaunti yako watu wasioalikwa wasione picha za watoto, toa namba yako Facebook, washa ile hatua ya pili ya kuingia.

Usitumie kiti chako kulipiza

Ninasema hili nikimaanisha. Chifu usitume askari wa utawala wamlete kijana aliyekuandika. Nesi usimkatalie mgonjwa kwa sababu shangazi yake alikutukana. Kifungu cha 101 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kosa kutumia mamlaka ya ofisi kumwonea mtu, na siku utakapofanya hivyo wewe ndiye utakuwa mshtakiwa na yeye shahidi.

Na kama tayari ulishafuta kila kitu

Kama dada yangu. Hatukujua siku ile, tulijua wiki mbili baadaye. Ulichofuta kwako kiko bado kwenye simu za wengine waliokuwa kwenye grupu. Tulienda nyumba kwa nyumba kwa wale wanaomjua, mama aliyezalishwa naye watoto wawili, mchuuzi wa mboga, mwalimu wa shule ya Jumapili, na watatu wakakubali kutuachia skrinishoti kutoka simu zao na kila mmoja akasaini cheti chake cha 106B. Orodha ya namba zilizopiga tuliomba kwa kampuni ya simu, dada mwenyewe akiwa na kitambulisho chake. Tukarudi kituoni kilekile, afisa mwingine kwenye deski, tukaweka faili mezani, akasoma ukurasa wa ile stegi ya matatu mara mbili, akavuta kitabu cha OB akaanza kuandika.